Fomu Isiyokuwa na Migomba

Kwa miezi mitano ya kiangazi cha mwaka 2014 nililipwa kuangalia bwawa lisilokuwa na maji. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, na kila jioni saa kumi na mbili kasorobo, nilishuka ngazi za zege, nikasimama mbele ya nguzo yenye alama nyekundu, nikaandika kwenye daftari: sifuri. Bwawa lilikuwa jipya. Lilichimbwa ili lipokee majitaka ya mji mzima wa Kasulu. Sakafu yake ya udongo wa mfinyanzi, iliyoshindiliwa kwa mashine kwa wiki tatu, ilikuwa imepasuka kama chungu kilichotolewa motoni mapema. Siku moja niliingiza kidole cha shahada kwenye ufa, kikazama mpaka pingili ya pili. Hilo nililiandika pembeni ya ukurasa kwa penseli. Halafu nikalifuta.

Ili ieleweke bwawa lilikaukaje, inabidi nirudi mwaka mmoja nyuma, kwenye fomu.

Nilifika Kasulu katikati ya mwaka 2013 nikitokea Kibondo, nilikomwacha mke wangu na watoto wawili. Nilikuwa na cheti cha afya ya mazingira na mkataba wa mwaka mmoja. Mji ulikuwa unakua. Nyumba za wageni zilikuwa zinaongezeka kando ya barabara kuu, shule za bweni nazo, na maduka ya wafanyabiashara wa Kiislamu pale sokoni yalikuwa yanapanda ghorofa. Mabomba ya majitaka hayakuwepo. Kila nyumba ilikuwa na shimo lake, na wachache waliojenga mashimo ya matofali waliita gari la kunyonya. Gari lilikuwa moja tu, mali ya mtu binafsi, na likishanyonya lilikwenda kumwaga kwenye korongo nje ya mji. Chini ya korongo kulikuwa na bonde, na ndani ya bonde kulikuwa na chemchemi.

Mradi ulitaka kulifunga korongo na kujenga mabwawa matatu yanayopokezana: la kwanza la kutuliza uchafu, la pili la kuusafisha, la tatu la kumalizia, kisha maji yaende mtoni bila madhara. Lakini kwanza ilibidi ijulikane mji una uchafu kiasi gani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilipewa rundo la fomu, ubao wa kuandikia na kalamu mbili. Fomu ilikuwa na safu sita. Ya tano iliuliza: shimo la choo limejaa mara ngapi tangu mhamie hapa?

Nilipita nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, kwa mpangilio. Ninapenda mpangilio. Jioni nilizipanga fomu kwa namba na kuzifunga kwa mpira. Nilifika kwa Bibi wiki ya tatu.

Namwita Bibi kwa sababu mtaa mzima ulimwita hivyo. Alikuwa mjane, mkulima wa maharage na muhogo. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, akaletwa upande huu akiwa mgongoni mwa mama yake, na cheti chake cha uraia alikiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na picha ya marehemu mumewe. Nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko, katikati ya korongo na chemchemi. Alinikaribisha kwenye kigoda, akaniwekea sahani ya ndizi mbivu, akasubiri maswali.

"Limejaa mara ngapi, Bibi?"

"Hesabu mwenyewe," alisema, akanionyesha uani kwa kidevu.

Nilitazama, nikaona migomba tu.

"Ule wa mwisho kule ni wa choo tulichochimba na marehemu. Huu ni wa mwaka kitinda mimba wangu alipoanza kutembea. Ule mwembamba usiuangalie sana, shimo lake liligonga mwamba, likajaa kabla hatujalizoea."

"Kwa hiyo kila choo kikijaa..."

"Tunafukia, tunapanda mgomba, tunachimba kingine. Kwenu mnafanyaje?"

"Vivyo hivyo," nilisema, na ilikuwa kweli. Nyanya yangu kule Kibondo alikuwa na migomba ya namna hiyo mitatu. "Na ndizi zake mnakula?"

Alitazama sahani. "Wewe umekwisha kula mbili."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa pembe ya kitenge. Nami nilicheka. Kisha nikaihesabu migomba, ikawa saba, na kwenye safu ya tano nikaandika: saba.

Nilijua kwamba Bibi hajawahi kuita gari. Nilijua kwamba hata angeliita lisingemsaidia, kwa sababu shimo la udongo mtupu likinyonywa hubomoka. Nilijua pia kwamba katika mitaa ya pembeni, ambayo ndiyo mingi, karibu kila nyumba ilikuwa kama kwake. Lakini fomu haikuuliza likijaa mnafanya nini. Haikuwa na safu ya migomba. Nilijaza nilichoulizwa, nikaenda nyumba ya pili.

Mhandisi wa mradi, mtu mpole aliyetoka mbali na aliyetembea na rula mfukoni, alizijumlisha fomu zangu. Kila kujaa kwa shimo alikuhesabu kuwa safari moja ya gari. Kutokana na hesabu hiyo akachora bwawa la kwanza, na lilikuwa kubwa kuliko kiwanja cha mpira cha shule ya jirani.

Kabla ya ujenzi kulikuwa na mkutano katika darasa moja la shule hiyo. Wakubwa walizungumza, watu wakapiga makofi. Mfereji wa kutolea maji ulitakiwa kupita kwenye shamba la maharage la Bibi. Aliposimama kusema, hakuuliza habari ya fidia.

"Chemchemi yangu itarudi?"

Mhandisi alimuuliza chemchemi ipi. Akaeleza kwamba kabla gari halijaanza kumwaga korongoni, nyumba tatu zilikunywa maji ya bondeni pale. Sasa yananuka, na yeye hupanda kilima kila siku na ndoo kwenda bombani, na magoti yake hayana miaka mingi ya kupanda kilima. Mhandisi alimjibu kwamba korongo likifungwa, mvua za msimu mmoja zitalisafisha, na chemchemi itapona.

"Ego," Bibi alisema. Ndiyo, kwa lugha yake. "Basi piteni."

Mabwawa yalikamilika mwanzoni mwa kiangazi cha 2014. Korongo likafungwa kwa kifusi na kibao. Mimi nikaongezewa mkataba nikawa mwangalizi, nikapewa chumba kimoja cha matofali kwenye ukingo wa bwawa la kwanza. Kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lilitazama bwawa. Tukasubiri magari.

Gari lilikuja mara mbili kwa mwezi, wakati mwingine tatu. Lilitoka kwenye nyumba za wageni na shule za bweni, kwa wale wale waliokuwa wakiliita tangu zamani. Dereva, kijana wa Ujiji mwenye maneno, alikuwa akifungua mpira, uchafu unatiririka kwenye ile sakafu kubwa na kusimama kama dimbwi la chai kwenye sinia. Siku ya tatu jua lilikuwa limekwisha kulinywa. Maji hayakufika kwenye alama ya kwanza ya nguzo hata mara moja.

"Mzee wa Sifuri!" dereva aliniita kwa mbali. "Leo ziwa limejaa? Nije na nyavu?"

"Njoo na wateja."

"Wateja wanapanda migomba, mzee. Wewe hujui?"

Nilijua. Hicho ndicho nilichokuwa nikilala nacho. Na mwezi wa tatu wa kusubiri, mhandisi alipopiga simu kuuliza mbona safari hazifiki hata robo ya zile za kwenye fomu, nilimwambia watu bado hawajazoea. Aliniuliza hali ya sakafu. Nikasema ina nyufa kidogo. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi mitatu wakati ule, na nilikuwa nimekwisha kumwambia mke wangu kwamba utaongezwa.

Upweke wa pale sikuutarajia. Kibondo si mbali, na lugha ya nyumbani ni ile ile Kiha, lakini nilikuwa mtu wa majitaka. Jumapili alasiri majirani walikusanyika kuzunguka chungu cha pombe ya ndizi, kila mtu na mrija wake, vichwa vikikaribiana. Walinikaribisha, hawakunifukuza hata siku moja. Ila nilipoketi, mwenye nyumba alileta kikombe cha plastiki cha kijani, akanichotea pembeni. "Wewe mgeni, unywe kwa nafasi." Mwaka ulipita, nikawa mwenyeji wa kila kitu, isipokuwa kikombe kile kilibaki changu. Mtu mwingine hakukitumia. Kilining'inia kwenye msumari wake, peke yake.

Mke wangu aliniuliza kwenye simu, "Huko unafanya kazi gani hasa?"

"Naangalia maji."

"Ni mengi?"

Nilitazama dirishani. "Yapo," nilisema.

Mvua zilianza Novemba. Maji ya mvua yalitanda kwenye sakafu, matope yakateleza ndani ya nyufa, juu kukawa laini. Fundi aliyepita kukagua alisema udongo umejiziba wenyewe. Nililiandika neno lake, na kwa kuwa lilinipa nafuu, sikuliuliza zaidi.

Kwa upande wa pili, ahadi ya mhandisi ilitimia. Mvua zililisafisha korongo. Mwezi Januari 2015 harufu bondeni ilikwisha, na maji ya chemchemi yakawa yanaonyesha mchanga wa chini. Tulichukua sampuli ikaenda maabara mkoani, na baada ya wiki tatu ikarudi karatasi yenye muhuri: yanafaa. Nilimsomea Bibi karatasi hiyo mara mbili. Akaiomba, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na cheti cha uraia na picha ya marehemu.

Kesho yake alinipeleka bondeni. Alichota kwa kibuyu, akaninyooshea.

"Anza wewe. Wewe ndiye mlinzi."

Nilikunywa. Maji yalikuwa baridi mpaka meno yaliuma. Akakichukua kibuyu mkononi mwangu, hakukifuta, hakukisuuza, akanywa pale pale nilipokuwa nimeweka mdomo. Tulirudi mteremkoni yeye mbele, mimi nimebeba ndoo yake, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie Kasulu nilitamani njia iwe ndefu.

Mwezi Mei watu walianza kuvuka mpaka kutoka Burundi, kwa maelfu, wakikimbia. Magari yaliyowabeba yalipita mjini kuelekea kambini, kule Makere. Nyuma yao yakaja magari meupe ya mashirika, na wafanyakazi wenye kofia na redio za mkononi. Nyumba za wageni zikajaa, nyumba za kupanga zikageuzwa ofisi, na mashimo ambayo yalikuwa yakijaa kwa mwaka yakawa yanajaa kwa mwezi. Mwenye gari la kunyonya akaleta la pili. Yakawa yanakuja kwangu mara nne kwa siku, mara tano.

Bibi alikuwa akikaa barabarani kuwaangalia wanaopita. Aliwapelekea maji ya chemchemi, ndoo kwa ndoo, akawanywesha watoto waliokuwa juu ya malori yaliposimama. "Mimi nilipita hivi hivi," aliniambia, "ila sikuona kitu. Nilikuwa mgongoni."

Maji ya bwawa yalifika alama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dereva alishuka kwenye gari akanipa mkono. "Mzee wa Sifuri, jina lako limekufa! Sasa tukuite nani?" Nilimpigia mke wangu nikamwambia maji ni mengi. Kwa wiki mbili nilikuwa mtu mwenye kazi.

Mwishoni mwa Juni, jioni moja, niliandika kwenye daftari: alama ya nne kamili. Asubuhi niliposhuka ngazi maji yalikuwa chini ya alama hiyo, kama upana wa vidole viwili. Usiku ule gari halikuja, na koki ya kupeleka maji bwawa la pili ilikuwa imefungwa. Nilikwenda kuigusa kuhakikisha. Bwawa la pili lilikuwa kavu. Nikajiambia labda ni jua, halafu nikakumbuka kwamba usiku hauna jua.

Nilichukua ndoo, nikaijaza maji, nikaiweka kando ya nguzo, nikatia alama kwa msumari mahali maji yalipofikia. Jioni mpaka asubuhi, siku nne mfululizo. Ndoo haikupungua kitu cha kuonekana. Bwawa lilipungua vidole viwili, kila usiku.

Nilikaa chumbani na daftari mapajani. Mteremko ulikuwa ni ule ule, ukishuka kutoka bwawani kwenda bondeni. Nilijaribu kufikiria njia nyingine ambayo maji yangeweza kupita chini ya ardhi, sikuipata.

Mhandisi alikuja siku mbili baada ya kumpigia. Alisoma daftari lote akiwa amesimama, akifuata mistari kwa rula yake. Alipofika kwenye kurasa za sifuri alisimama.

"Udongo wa mfinyanzi hauachwi mkavu hivi, hupasuka mpaka chini. Nilikuuliza kwenye simu. Ukasema nyufa kidogo."

"Ndiyo."

"Na magari yangekuja, udongo ungekuwa umeloa. Fomu zinasema yangekuja."

Ndipo nilipomwambia habari ya migomba. Nilimwambia yote, tangu sahani ya ndizi kwa Bibi mpaka hesabu ya saba. Alinisikiliza bila kunikatiza. Jua lilikuwa kali, na yeye hakuwa na kofia.

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua. Fomu haikuwa na safu yake."

"Pembeni ya karatasi kulikuwa na nafasi," alisema. Hakupandisha sauti. Afadhali angeipandisha.

Aliagiza magari yaanze kumwaga bwawa la pili, ambalo lilikuwa dogo na ambalo sakafu yake alitaka iloweshwe kwanza, na la kwanza liachwe lipungue ili likarabatiwe. Kisha tulishuka wawili bondeni na chupa za sampuli. Tuliziweka kwenye deli lenye barafu, nikazipeleka stendi mwenyewe, nikamkabidhi kondakta wa basi la Kigoma, nikaandika namba ya chupa na saa ya basi kuondoka.

Kutoka stendi nilikwenda kwa Bibi. Alikuwa anachambua maharage uani, chini kukiwa na ndoo mbili zimefunikwa kwa majani ya mgomba. Nilijua zimetoka wapi. Nilimwambia kwamba bwawa linavuja, kwamba hatujui linavujia wapi, na kwamba asinywe maji ya chemchemi mpaka majibu yarudi.

Aliendelea kuchambua. "Yananuka?"

"Hayanuki."

"Yamebadilika rangi?"

"Hapana, Bibi."

Aliingia ndani, akatoka na ule mfuko wa plastiki. Akaitoa karatasi yenye muhuri, akainyoosha juu ya ungo, karibu yangu, kama mtu anayempa mwenziwe sahani.

"Hii ni yenu."

"Ni yetu. Ila ni ya Januari."

"Karatasi nayo inaoza?" Alinitazama sasa. "Baba, ulikunywa na mimi kibuyu kimoja. Nimewanywesha watoto wa watu kule barabarani. Ninywe au nisinywe?"

"Usinywe kwanza. Au uyachemshe, uyachemshe sana. Subiri majibu."

"Kuni za kuchemsha ndoo mbili kila siku utaniletea wewe?" Kisha, kwa sauti ndogo: "Na bomba lile lile la juu kilimani."

"Lile lile."

Nilichota maji bombani mimi mwenyewe kesho yake asubuhi na asubuhi zilizofuata, ndoo mbili kabla ya kusoma nguzo. Niliziacha mlangoni kwake. Alizipokea, alisema asante. Hakunikaribisha kuketi, na mimi sikujialika. Jumapili sikuenda tena kwenye chungu.

Majibu ya Januari yalichukua wiki tatu. Haya yalipita wiki tatu, yakapita sita. Nilipiga simu maabara. Walisema wana kazi nyingi za kambini, na kwamba chupa yangu wanaitafuta kwa namba. Niliwasomea namba mara mbili. Niliomba tuchukue sampuli nyingine, nikaambiwa tusubiri kwanza ile. Mwezi Septemba mkataba wangu ukaisha na haukuongezwa tena. Nilimkabidhi dereva ufunguo wa chumba na daftari, kwa kuwa mwangalizi mwingine hakuwa amepatikana. Kwenye ukurasa wa mwisho, pembeni, niliandika kwa kalamu: nyumba zilizo nyingi hazinyonyi, hupanda migomba. Siku ya kuondoka nilipeleka ndoo mbili kama kawaida. Mlango ulikuwa umefungwa. Alikuwa amekwisha kwenda shamba.

Sasa niko Kibondo. Mke wangu anasema naamka mapema bila sababu. Mwezi wa kumi na moja nilimpigia dereva.

"Majibu?"

"Bado, mzee."

"Bwawa?"

"Mafundi wameahidi."

"Na Bibi?"

"Mzima. Namwona kila asubuhi akipita na ndoo kichwani, imejaa."

"Anatoka juu au chini?"

Nilisikia injini ikinguruma, na mtu akiita kwa mbali.

"Mimi nakutana naye pale njia ya bombani na ya bondeni zinapoungana," alisema. "Anatoka wapi nayo, sijui."